Uzoefu wangu na seti ya kupima silinda: maji yaliingia kwenye injini ya boti, kila mtu akasema hedi gasketi

Nianze na jibu kabisa, hii seti naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya kamera na kile kikaratasi cha maelekezo ambacho hakisemi kitu cha maana. Kwenye boksi unapata kipima kompreshi (mbano wa hewa ndani ya silinda), kipima uvujaji (ile lik-daun testa yenye geji mbili), mipira ya kufungia kwenye tundu la plagi ya mm 14 na mm 18, na kamera nyembamba ya kuchungulia unayochomeka kwenye simu. Kompresa ya upepo haimo, unajitafutia mwenyewe.

Boti yangu ina injini ya ndani, petroli, silinda sita, inapozwa na maji ya bahari moja kwa moja. Ikiwa inatembea iko poa kabisa, inavuta vizuri, joto haliyumbi. Ila ikilala, ukija asubuhi ukapiga stata inagonga mara moja inasimama utadhani betri imekufa, na betri ni nzima. Natoa plagi, silinda mbili za nyuma upande wa kushoto zina maji. Sasa kwa ambaye hajui, maji hayabanwi kama upepo, pistoni ikipanda ikayakuta kitakachopinda ni konrodi (mkono unaoshika pistoni), kwa hiyo ukisikia stata imegonga hivyo usiilazimishe, toa plagi zote, kata moto wa koili, ndo uzungushe injini maji yaruke nje. Na kabla ya hapo acha chumba cha injini kipate hewa ya kutosha maana kile kinachoruka kwenye matundu ya plagi ni maji pamoja na mvuke wa petroli, cheche moja tu inatosha.

Ushauri niliopewa ulikuwa mmoja tu: hedi gasketi (ile ya kuzibia kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku), fungua hedi. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa. Bolti za hedi zilizokaa na chumvi miaka yote ukikata moja ikabaki ndani ya bloku unakuwa na tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza, ndo maana nikanunua hiki kipimo kwanza.

Nikaanza na kompreshi, plagi zote nje, kabureta imefunguka yote, betri imejaa. Silinda nne zikatoa kama psi 150 (psi ni kipimo cha presha), zile mbili zenye maji zikatoa kama 140. Tofauti ndogo tu hiyo, na tena gasketi ikipasuka kati ya silinda mbili zilizopakana kwa kawaida zote mbili zinashuka sana kwa pamoja. Lakini bado sikuridhika, kompreshi inakuambia silinda ina nguvu kiasi gani, haikuambii maji yamepita wapi.

Hapo ndo lik-daun ilipoonyesha thamani yake. Unaweka pistoni juu kabisa ya kompreshi, valvu zote zimefunga, unaingiza upepo wa psi 100 hivi, geji ya pili inakuonyesha ni asilimia ngapi inapotea. Chini ya 10 ni nzuri sana, ikipita 20 anza kutafuta. Halafu unasikiliza: upepo ukisikika kwenye kabureta ni valvu ya kuingizia, kwenye eksozi ni valvu ya kutolea, kwenye mfuniko wa oili ni ringi. Mimi nilifungua na nyumba ya termostati (inapopita maji ya kupozea) nikajaza maji nikakaa naangalia, maana gasketi au ufa wa hedi unaofika kwenye njia ya maji utatoa mapovu hapo. Hamna povu hata moja, na silinda zote ziko chini ya 10. (Angalizo, pistoni isipokuwa juu sawasawa upepo unazungusha krenki kwa nguvu, usiache spana kwenye puli wala mkono karibu na mkanda.)

Kwa hiyo silinda ni nzima na maji yanaingia injini ikiwa imezimwa tu. Ukifikiria vizuri zinabaki njia chache. Kiwiko cha eksozi na manifoldi yake (bomba linalokusanya moshi wa silinda) vina koti la maji, moshi unapita katikati na maji yanauzunguka, vinakutana mbele baada ya kiwiko. Ule ukuta wa chuma kati yao unaliwa na kutu taratibu. Injini ikiwa inafanya kazi moshi unayasukuma maji nje, ukizima yale yaliyobaki kwenye koti yanachuruzika kurudi kwenye manifoldi na yakikuta valvu ya kutolea imeachwa wazi yanazama silinda. Kamera ikanionyesha kitu hichohicho, mstari wa kutu unaoshuka kutoka valvu ya kutolea, na upande wa valvu ya kuingizia ni pasafi.

Nikatoa manifoldi pamoja na kiwiko, nikaziba njia za maji kwa bamba na raba, nikatia upepo kidogo, psi 15 tu, sindano ya geji ikawa inashuka unaiona. Maji ya sabuni kwenye matundu ya moshi yakatoa mapovu upande wa nyuma. Nimebadilisha pande zote mbili na gasketi zake, umri ni mmoja, huo wa kulia nao ungefuata. Silinda nilizipulizia oili palepale maana kutu haisubiri, oili ya injini nikaibadilisha na filta, nikaiwasha ikapata moto, nikabadilisha tena. Tangu hapo plagi zinatoka kavu.

Kama dalili zako ni hizi lakini manifoldi inashika upepo, angalia valvu ya kuzuia maji yasijivute yenyewe kurudi nyuma, na kama injini ilisumbua kuwaka ukapiga stata muda mrefu valvu ya maji ya bahari ikiwa wazi, mafla (kisanduku cha kupunguza kelele ya eksozi) inajaa na maji yanarudi kwa njia hiyohiyo.

Kasoro za seti sasa. Mpira wa kompreshi una kivalvu kidogo ndani, usipokitoa unapotumia mpira huo kwenye lik-daun upepo hauingii kwenye silinda na kipimo kinakudanganya, kikaratasi hakijakigusa kabisa. Kamera taa yake inang'aa mno kwenye chuma kilicholowa na haikunji shingo, inabidi uwe na kioo chake cha pembeni. Geji zenyewe ni imara. Mwenye dizeli asinunue hii, geji ya kompreshi inaishia psi 300 na dizeli nyingi zinapita 400, tafuta seti yake yenye mipira ya tundu la nozeli.