WD-40: jina lenyewe ndilo lililonifundisha kuitumia

Nyumba yetu iko Raskazone, Tanga, karibu na bahari kiasi kwamba nondo za madirisha zinashika chumvi usiku kucha. Chuma huku hakizeeki, kinaliwa. Kufuli la geti nililonunua kabla ya masika lilikwama hata masika hayajaisha, ufunguo ukaingia nusu ukagoma. Jirani akanipa kopo la bluu na njano lenye kifuniko chekundu, la dawa ya kupuliza iitwayo WD-40. Nikapuliza kwa ule mrija mwembamba, nikasubiri kama robo saa, nikautikisa ufunguo taratibu. Kufuli likafunguka.

Tangu siku hiyo WD-40 haikosekani nyumbani. Lakini kwa muda mrefu niliihesabu kuwa mafuta tu, kama ya cherehani: panapolia, napuliza. Mnyororo wa baiskeli nikaupuliza pia, ukanyamaza siku mbili, kisha ukalia kuliko mwanzo. Nilikuja kuelewa nilipojua maana ya jina.

W na D ni herufi za mwanzo za maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya kuondosha maji. Arobaini ni hesabu ya majaribio. Mwaka 1953, huko San Diego, California, kikampuni chenye wafanyakazi watatu kilichoitwa Rocket Chemical Company kilikuwa kinatafuta dawa ya kuzuia kutu kwa ajili ya viwanda vya roketi. Mchanganyiko wa 40 ndio uliokubali, na jina likabaki vilevile lilivyokuwa kwenye kumbukumbu za maabara. Mimi nalipenda jina hilo kwa sababu halijifichi: limebeba kazi ya dawa, na limebeba majaribio yote yaliyotangulia.

Mteja wa kwanza alikuwa kampuni ya Convair, iliyoipaka kwenye ganda la nje la kombora la Atlas. Ganda lile lilikuwa jembamba mno, hata matangi yake yalishikiliwa na shinikizo la ndani ili yasibonyee. Kutu haikuwa na nafasi pale. Wafanyakazi wakaiona inavyofaa, wakawa wanabeba kidogo kidogo kwenda nayo kwao, na mwaka 1958 ikaingia madukani San Diego ikiwa kwenye kopo la kupuliza. Kampuni yenyewe ilibadili jina mwaka 1969 ikajiita kwa bidhaa yake. Mchanganyiko haikuuandikia hataza, maana kusajili kungelazimu kuuweka wazi.

Basi sasa naitumia kwa mujibu wa jina. Pikipiki ikinyeshewa na kugoma kuwaka, napuliza kwenye kofia ya plagi na waya wake, naacha ikauke vizuri kwanza kwa kuwa inashika moto, ndipo napiga kiki. Spana na koleo nikishazifuta, napuliza kidogo kabla ya kuzirudisha sandukuni. Nati iliyoshikana na kutu naipuliza jioni, naifungua asubuhi. Mara nyingi inakubali bila nyundo.

Mnyororo na beringi sizipulizii tena nikaziacha hivyo. Sehemu kubwa ya kilichomo ni kiyeyushi kinachokauka na kuacha utando mwembamba wa mafuta, tena kinakwenda na grisi iliyokuwepo. Naitumia kusafishia, nafuta kwa kitambaa, halafu natia mafuta mazito au grisi. Bawaba za mlango wa ndani zinaridhika nayo peke yake. Za geti la nje, linalopigwa na upepo wa bahari mchana na usiku, zinataka grisi juu yake.

Bei yake ni kubwa ukilinganisha na chupa ya mafuta ya cherehani, nami bado nitainunua. Lile kufuli la geti ninalo mpaka leo, nalipuliza kila mwanzo wa masika.