KoboToolbox kwa utafiti wa uzamili: uzoefu wangu kutoka Micheweni

Nasoma shahada ya uzamili ya sera za umma hapa Unguja. Mchana niko kazini, jioni darasani, na kinachobaki ni usiku. Usiku ndio wa kusoma makala, usiku ndio wa kuandika, na ukiwa na madodoso ya karatasi, usiku huohuo ndio wa kuyaingiza kwenye kompyuta moja baada ya jingine. Nilipofika hatua ya kukusanya taarifa za tasnifu niliamua kutumia KoboToolbox. Wenzangu wa mwaka wa kwanza wamekuwa wakiniuliza kama inafaa, kwa hiyo nawajibu wote hapa.

Utafiti wangu unahusu Pensheni Jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wazee waliofikia miaka 70, bila kuuliza kama mtu aliwahi kuajiriwa au kuchangia mfuko wowote. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Nilichotaka kujua ni kuwa pesa hii ikishaingia ndani ya nyumba inakwenda wapi, na nani anaamua. Nilichagua Wilaya ya Micheweni, kule Kaskazini Pemba.

Kwa asiyeijua, KoboToolbox ni programu ya kutengenezea dodoso na kukusanyia majibu kwa simu. Chimbuko lake ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliokuwa wakifanya kazi kwenye maeneo ya vita na maafa, na imejengwa juu ya mfumo huria wa Open Data Kit. Ndiyo maana haibabaiki mahali pasipo na mtandao. Dodoso unalitengeneza kwenye tovuti yao au kwenye Excel, msaidizi anaweka KoboCollect, programu yake ya simu, kwenye simu yake, anapakua fomu, na baada ya hapo hahitaji bando tena kijijini. Majibu yanakaa ndani ya simu. Sisi tulikuwa tunahoji kutwa nzima, Maziwang'ombe au Tumbe, tunayatuma jioni tukirudi Wete.

Lakini kilichonifanya niiheshimu programu hii ni suala la umri.

Katika utafiti wa pensheni ya uzeeni, umri ndio kila kitu, na wengi niliowahoji hawakuandikiwa cheti walipozaliwa. Tarehe iliyomo kwenye kitambulisho ilikisiwa. Kwa hiyo tunatumia kalenda ya matukio: Sultani Khalifa bin Harub alifariki Oktoba 1960, uhuru ulikuja Desemba 1963, Mapinduzi Januari 1964, Mzee Karume aliuawa Aprili 1972. Unamuuliza mzee matukio hayo yalimkuta akiwa nani: bado anabebwa mgongoni, yuko chuoni anasoma Kurani, au keshaolewa. Kwenye Kobo kila swali linaweza kuwa na maelezo madogo chini yake, hivyo kalenda yote niliiweka hapo, msaidizi asibebe karatasi ya pili. Kisha nikaiagiza fomu ilinganishe. Umri ulioandikwa usipokubaliana na tukio lililochaguliwa, unajitokeza ujumbe wa Kiswahili: uliza tena.

Bibi mmoja kitambulisho chake kilisema ana miaka 71. Tulipofika kwenye swali la Mapinduzi akasema, "Mwanangu, mie Mapinduzi yalinikuta nna mume." Ujumbe ukatokea palepale. Msaidizi wangu akauliza tena kwa upole, bibi akataja harusi yake ilikuwa msimu gani wa karafuu, binti yake aliyekuwa anasikiliza akaongeza yake, na tukaandika umri wote wawili, wa kitambulisho na wa kukadiria. Mwanamke aliyekwishaolewa Januari 1964 hawezi kuwa na miaka 71 leo. Anakaribia 80, au amepita. Maana yake ni kwamba huenda alianza kulipwa miaka mingi baada ya kustahiki. Hilo halikuwemo kwenye pendekezo langu la utafiti, na sasa lina sura yake kwenye tasnifu. Kwenye karatasi ningeligundua nikiwa Unguja mbele ya kompyuta, bahari ikiwa kati yangu na bibi, na nadhani ningechagua umri mmoja tu na kuendelea.

Hapa nitoe ushauri mmoja ninaouamini sana. Kobo inakuruhusu kuweka kizuizi, yaani fomu inakataa kabisa kwenda mbele mpaka jibu libadilike. Kwa mambo kama haya usiweke kizuizi, weka tahadhari. Kizuizi kitamfanya msaidizi aliyechoka, jua la saa saba, abadilishe jibu la mzee ili fomu ipite. Tahadhari inamwacha aulize, aandike alichoambiwa, na aeleze. Vizuizi nimeviacha kwa yale yasiyowezekana, kwa mfano tarehe ya mahojiano ambayo haijafika.

Orodha ya shehia nayo inapangika vizuri: ukichagua wilaya zinajitokeza shehia za wilaya hiyo peke yake. Ridhaa niliiweka swali la kwanza, na mzee akisema hataki, fomu inajifunga hapohapo. Kurekodi sauti kunawezekana, ila niliacha baada ya kujaribu. Nilipoona wazee wanapunguza maneno mbele ya simu inayorekodi, mahojiano marefu niliyafanya kwa daftari na kalamu.

Bei: mpango wa kawaida ni wa bure, una kikomo cha fomu zilizojazwa kwa mwezi na cha nafasi ya kuhifadhi. Kwa tasnifu ya uzamili kikomo hicho si tatizo, mradi usijaze picha na sauti bila sababu. Pesa yangu ilikwenda kwenye nauli ya boti hadi Mkoani, gari za kwenda Wete na Micheweni, na posho za wasaidizi wawili.

Upande wa mapungufu, KoboCollect ni ya Android tu. Mwenye iPhone atalazimika kujaza kupitia kivinjari, na hapo kazi si laini vile. Jingine ni maswali yanayojirudia kwa kila mwanakaya. Kuyatengeneza ni rahisi, lakini ukipakua Excel majibu yake yanakuja kwenye ukurasa mwingine, na lazima uyaunganishe na kaya yake kwa namba ya mstari. Asiyezoea takwimu atataabika. Ningeshauri ujaze fomu chache za majaribio nyumbani, uzipakue, na ujaribu kuzichambua kabla hujavuka bahari. Pia wakati wa kujisajili unachagua sava, ya kimataifa au ya Umoja wa Ulaya. Zungumza kwanza na msimamizi wako, kwa sababu taarifa za wazee wetu zinakwenda kukaa huko.

Kwa tano naipa nne na nusu.

Na yapo ambayo simu haiyagusi. Kibali cha utafiti, barua ya wilaya, kukaa na sheha mpaka aelewe umekuja kufanya nini, hayo yanakwenda kwa mwendo wake. Ukifika kwa mzee, simu ibaki mfukoni mpaka salamu ziishe, na salamu za Pemba haziishi haraka: watu wa nyumbani, afya, mvua, mihogo. Wasaidizi wangu ni vijana wa kulekule, na wazee waliwafungukia kwa sababu waliwajua mama zao. Tulibeba pia betri ya ziada na madodoso machache ya karatasi, kwa ajili ya siku ambayo umeme haukurudi.

Faili langu la Excel, lenye orodha ya shehia na kalenda ya matukio, nimempa mwenzangu anayefanya utafiti wa wakulima wa mwani Paje. Maswali ameyabadilisha yote. Kalenda ameibakisha, maana wanawake wengi anaowahoji nao miaka yao wanaihesabu kwa harusi na vizazi, na ameongeza mstari mmoja: mwaka ambao kila mmoja wao aliingia baharini kufunga mwani kwa mara ya kwanza.