Budleya fupi za kununua, na masuke makavu ambayo muuzaji hatakuonyesha

Mwezi uliopita msomaji mmoja alinitumia picha ya budleya yake, kile kichaka cha maua ya masuke kinachopendwa na vipepeo, akiwa na huzuni tele: "Dada, inakauka, naimwagilia asubuhi na jioni lakini wapi." Nikaikuza picha. Majani mabichi, matawi mazima, vichipukizi kila mahali. Kilichokauka ni masuke ya maua yaliyomaliza siku zake, yamesimama kahawia juu ya kichaka kama mtama uliosahaulika shambani. Mmea haukuwa na kiu hata kidogo. Budleya hutaka udongo unaopitisha maji upesi. Mizizi yake ikilala kwenye tope huoza. Nilimwambia aache maji, lakini alishachelewa. Wiki mbili baadaye ulikufa kweli.

Simcheki, maana na mimi nimeshaliwa. Nilinunua budleya nyeupe pepepe, lebo imeandikwa "kibete". Vijiua vya budleya hufunguka kuanzia chini ya suke kwenda nchani, na hukauka kwa mpangilio huohuo. Kwenye zambarau iliyoiva jambo hilo hulioni sana. Kwenye nyeupe, siku chache tu baada ya kuchanua, kila suke lilikuwa nusu maziwa nusu kutu. Na hayaanguki! Yanang'ang'ania pale mpaka uyakate wewe. Huo ukibete nao ulikuwa wa kwenye chungu tu: msimu wa pili kichaka kikapita dirisha. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba wako wakuzaji wanaowapa miche dawa ya kudumaza ili ipendeze mezani, na dawa ikiisha nguvu mti unarudia kimo chake cha kuzaliwa.

Kwa hiyo leo sipimi jua (ipe la kutosha, saa 6 au zaidi kwa siku, tumemaliza) wala siulizi kama vipepeo watakuja. Watakuja, nekta ni nyingi na harufu ni ya asali. Ila wanakuja kunywa tu. Viwavi wengi hawali majani yake, hivyo ukitaka vipepeo wazaliane kwako panda na mimea ya asili ya kwenu. Swali langu ni moja: suke likifa, kichaka kinalifanyaje?

Ya kwanza: Lo & Behold 'Blue Chip'. Ndiyo, naipendelea, sioni haya. Dennis Werner wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina aliizalisha kwa kuchanganya damu za spishi kadhaa, na matokeo yake ni kichaka kinachoishia kati ya sentimita 60 na 90 bila dawa ya mtu. Masuke yake ni mafupi, ya buluu iliyoegemea zambarau, na hapa ndipo iliponiteka: vitawi vipya huchipuka pembeni mwa suke kuukuu na kulifunika kabla hujaona haya mbele ya mgeni. Nimewahi kuiacha msimu mzima bila kuigusa kwa mkasi na bado ilionekana kama mmea wa mtu mwenye nidhamu. Tena karibu haina mbegu. Oregon, kule Marekani, budleya ya kawaida imeorodheshwa kuwa gugu, na zinazoruhusiwa kuuzwa ni zile zenye mbegu hai chini ya asilimia 2. Hii ni mojawapo. Watu husema maua yake ni madogo. Ni kweli, na ndiyo maana yakifa huyaoni.

Ya pili: Pugster, lakini ya buluu. Hii imefanya kinyume: kichaka cha sentimita 60 hivi kimebebeshwa masuke makubwa kama ya budleya ndefu, na vishina vyake ni vinene. Ikiwa katika siku zake nzuri hakuna inayoifikia. Shida ni kwamba suke kubwa likifa linakuwa maiti kubwa, na kwenye kichaka kifupi hivyo maiti iko usawa wa macho ya aliyeketi. Pugster nyeupe usiniletee hata bure. Halafu inazaa mbegu, kwa hiyo suke kavu si uchafu wa macho tu, ni mfuko wa mbegu nyepesi unaosubiri upepo. Inunue kama wewe ni mtu wa mkasi mkononi kila baada ya siku chache.

Na kukata kwenyewe kuna namna. Usinyofoe ua peke yake ukaacha kijiti. Shuka na suke mpaka jozi ya kwanza ya majani. Mara nyingi utakuta vichipukizi viwili vimeshajitokeza hapo kwapani. Kata juu yake tu. Hivyo viwili ndivyo masuke yako yajayo.

Ya tatu: 'Miss Molly'. Imetoka kwa Werner huyohuyo. Kuiita fupi ni kuipendelea, inafika mita moja na nusu, ila waridi wake umekolea kiasi kwamba suke linalokufa linachelewa kujulikana. Mbegu zake nazo ni haba. Kama una kona pana, haya.

Ya nne: Buzz. Ya kwenye chungu. Inachanua kwa fujo na inachafuka kwa fujo.

'Nanho' za zamani bado ziko sokoni, nafuu na imara, lakini zinapita mita moja na nusu, kwa hiyo si za mada hii. Miche isiyo na jina, ile ya "budleya kibete rangi mchanganyiko", nimeshaeleza yangu iliishia wapi.

Sasa nina neno na wauzaji. Kwa nini lebo zote zina picha ya siku zilezile za mwanzo? Nimegeuza lebo nyingi mbele na nyuma: jua lipo, kimo kipo, alama ya hataza (haki ya mzalishaji peke yake) ipo yenye onyo kwamba usithubutu kuotesha vipandikizi. Kukata masuke? Kimya. Hataza tunailipia ndani ya bei, sawa, mzalishaji ale jasho lake. Lakini mwenye nafasi ya kuchapa onyo la kunitisha hakosi nafasi ya mstari mmoja wa kunisaidia. Yule aliyeniuzia nyeupe nilimrudia na picha. Akaniambia, "Mama, mwagilia zaidi."

Ndiyo maana siku hizi sinunui mche uliochanua wote. Nauliza ile iliyorudishwa nyuma, ya safu ya mwisho, iliyokwisha kuchanua mara moja. Hapo utaona kama vitawi vipya vimelipita suke kavu au limebaki kileleni peke yake. Kisha nautoa mche kwenye chungu kidogo niangalie mizizi: ikiwa nyeupe na imara, nachukua, ikiwa kahawia na inateleza vidoleni, huo umeshanyweshwa na mtu aliyedhani una kiu.