Leseni ya injini ya gemu: usiuziwe maji ya bahari ukiwa Raskazone

Mwaka jana nilitoa laki na themanini kwa jamaa mmoja ana duka la kompyuta huku Ngamiani, Tanga, barabara ya ngapi sisemi, akaniuzia "Unity Pro ya mwaka mzima", yaani leseni ya kulipia ya Unity, injini (programu ya kutengenezea gemu), imeili na paswedi kaniandikia nyuma ya risiti. Wiki ya tatu nafungua niendelee na gemu yangu ya rede, akaunti haifunguki, paswedi imebadilishwa. Narudi dukani naambiwa "dada'angu subiri mtandao utulie". Pro yenyewe 2025 ilipanda ikafika dola 2,200 kwa mtu mmoja kwa mwaka, sasa laki na themanini ilitakiwa inishtue mapema, ila kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa sihitaji kulipa hata senti, Unity Personal ni bure mpaka mapato yako ya mwaka yapite dola 200,000, na gemu ya rede hela hiyo itaiona wapi jamani.

Ndo nikaanza kusoma mikataba. Habari za grafiki na urahisi kaangalieni YouTube, mi nauliza kitu kimoja tu ambacho hakuna anayekiangalia: wakibadilisha masharti na wewe uko katikati ya gemu, unabaki na masharti yapi? Nimezipanga injini nne kwa swali hilo.

Namba 1 Unreal, ya kampuni ya Epic. Ndiyo, napendelea, semeni. Mkataba wao unasema wakileta masharti mapya hulazimishwi kuyakubali, toleo ulilonalo unaendelea nalo kwa yale yale uliyokubali mwanzo. Kwa gemu, hudaiwi kitu mpaka hiyo gemu iingize dola milioni moja, hapo ndo mrabaha wa 5% unaanza kwa kile kinachozidi, na tangu 2025 unashuka 3.5% ukiitoa kwenye duka la Epic bila kulichelewesha nyuma ya maduka mengine. Laptop yangu nikiiwasha Unreal inaunguruma kama mashine ya juisi ya miwa, mama anauliza huko chumbani kuna nini. Navumilia.

Namba 2 Unity, na nimeiweka hapa kwa shingo upande. Tarehe 12 Septemba 2023 walitangaza ada kwa kila mtu anayeinstoli gemu, kuanzia Januari 2024, na gemu zilizokwisha kutoka nazo zingehesabiwa instoli mpya. Yani umepanga chumba Chumbageni, kodi ya miezi sita umeshalipa, mwenye nyumba anakuja na daftari akae mlangoni ahesabu wageni wako! Ada ilikuwa inaanza ukishavuka instoli 200,000 na dola 200,000, kwa hiyo wengi wetu isingetugusa, ila shida si kiasi, shida ni kubadilishiwa ukiwa umeshazama. Kelele zikapigwa, wakalegeza, Oktoba bosi wao John Riccitiello akaondoka, na Septemba 2024 ada ikafutwa kabisa. Sasa hivi ni salama, lakini aliyeumwa na nyoka...

Namba 3 GameMaker, dola 99.99 unalipa mara moja ukitaka kuuza gemu, za kugawa bure hulipi. Gemu za pande mbili (2D) inatosha. Za konsoli kama PlayStation wana bei yao nyingine.

Namba 4 Godot. Bure, leseni ya MIT, yaani unaitumia na kuibadilisha utakavyo na toleo ulilonalo halibadilishiwi masharti, hakuna mrabaha. Najua kwa kigezo changu mwenyewe ilitakiwa iwe ya kwanza, mtanisema, sijaizoea basi.

Na wauzaji wa hapa mjini hawachoki. Akaunti ya Google Play ya kutolea gemu ni dola 25 mara moja, mwenzangu kafunguliwa na "fundi" kwa laki mbili na akaunti iko kwa jina la fundi, mpaka leo akitaka kuapudeti gemu yake anapiga simu kuomba. Juzi napita lile duka langu la laki na themanini, kuna karatasi mpya mlangoni kaandika kwa maka pen nyekundu: LESENI ZA GODOT ZIPO, 40,000 TU.