Kikundi cha Uponyaji wa Moyo kwa Wahamaji wa Beni: Maoni ya Mshiriki

Nilijiunga na kikundi hiki nikiwa nimeacha kusali. Tulikimbia kijiji chetu, kilicho kando ya barabara ya kutoka Oicha kwenda Eringeti, wakati wa kuvuna kakao, msimu ambao waasi wa ADF, kundi lenye silaha lililotokea Uganda, huuvizia kwa kuwa mkulima hana moyo wa kuyaacha mavuno yake, na hapa Beni, mji wa mashariki mwa Kongo, tukapokelewa na shemeji yangu, watu 11 katika vyumba viwili. Kanisani nilikaa nyuma kabisa na kutoka kabla ya sadaka, kwa sababu sikuwa na cha kutoa na niliona aibu.

Huduma hutolewa bure katika ukumbi wa parokia, Jumanne na Ijumaa alasiri, kwa majuma sita. Mtu haulizwi dhehebu lake. Katika kikundi chetu tulikuwa Wakatoliki, Wabatisti na mama mmoja Mwadventista. Waongozaji ni walei waliopata mafunzo, na wawili kati yao ni wahamaji kama sisi, hivyo hapakuwa na haja ya kuwaeleza maana ya kulala porini na mtoto mwenye homa.

Juma la tatu ndilo lililonifanya nibaki. Kabla ya hapo, kila aliyekuja kutufariji alituhimiza kusamehe, tena upesi, kana kwamba machozi yetu ni dhambi. Hapa tulisoma Zaburi ya 13, ambamo Daudi anamwuliza Mungu atamsahau hata lini, kisha kila mmoja akatunga maombolezo yake kwa Kiswahili au Kinande, na wasiojua kuandika wakaandikiwa. Mama mmoja aliuliza jambo moja tu: mbona mlango wa kanisa haukumzuia adui? Sote tulijua anasema habari za Komanda, mji mdogo wa mkoa jirani wa Ituri, ambako usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waumini walishambuliwa wakiwa kanisani, na MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani nchini Kongo, ikatangaza kwamba watu 43 waliuawa, tisa kati yao watoto. Hakuna aliyemjibu wala kumhubiria. Tulikaa kimya pamoja naye muda mrefu, na kwangu ile ilikuwa sala ya kwanza baada ya miezi mingi.

Habari za msamaha zilikuja juma la tano, kwa njia ya Mwenyeheri Anuarite, mtawa Mkongo ambaye parokia ile ya Komanda ina jina lake. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, akimsamehe aliyemuua, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1985. Mwongozaji alitusimulia kisa hicho bila kumtaka yeyote aahidi kitu siku ile, na ninaamini subira hiyo imewarudisha wengi kanisani kuliko mahubiri.

Nasifu pia kwamba hawatenganishi roho na tumbo. Kila mkutano huanza na uji, na mwishoni mwa majuma sita kila familia hupewa jembe na mbegu za maharagwe, pamoja na familia iliyoipokea. Shemeji yangu, ambaye unga wake ulikuwa umeisha kwa ajili yetu, alipata fungu lake, na manung'uniko nyumbani yakapungua.

Hata hivyo, uandikishaji unaumiza. Niliulizwa majina ya marehemu wangu kwenye meza iliyowekwa uani, mbele ya foleni ya watu nisiowajua, na nusura nirudi nyumbani. Wanaume nao ni wachache, kwa sababu saa za mikutano ndizo saa za kutafuta kibarua. Mkutano wa Jumapili baada ya misa ungewafaa zaidi. Tena majuma sita hayatoshi kwa mtu aliyezika watoto, na baada ya hapo hakuna mpango wa kumtembelea, isipokuwa sisi wenyewe tuliokubaliana kukutana kwa zamu majumbani.

Anayetaka kujiunga afike mapema siku ya kuandikishwa, aombe kuhojiwa ndani ya ofisi badala ya uani, jambo ambalo hukubaliwa likiombwa, na asiogope kwenda na watoto wadogo, kwani kuna mama anayewaangalia chini ya mwembe mpaka mkutano uishe.