Kiti cha kamati au mkutano wa mtaani?

Sheria ya California ya mwaka 2014 inazitaka mamlaka za maji ya chini ya ardhi kuzingatia maslahi ya watumiaji wote, zikiwemo jamii zenye kipato kidogo, lakini haimalizi mjadala kuhusu njia bora ya kuzishirikisha jamii hizo: kuzipa kiti katika kamati ya mamlaka, au kuitisha mikutano mitaani kwao. Mikutano ya mtaani hugharimu zaidi, kwa kuwa inahitaji wakalimani wa Kihispania na saa za jioni, ila ndiyo inayofichua visima vya kina kifupi vilivyokauka na maji yenye nitrati, kemikali itokanayo hasa na mbolea na samadi. Kiti cha kamati ni nafuu na hudumu, ingawa mwakilishi asiye na mtaalamu wa kumsaidia huzidiwa na takwimu. Palipo na chama imara cha wakazi, kiti kinafaa. Pasipo nacho, mikutano itangulie, tena kabla rasimu ya mpango wa mamlaka wa kusimamia maji haijaandikwa.