Uzoefu wangu: nimebadilisha taa za mbele za Hilux ya zamani hapa Mtwara

Kama una pikapu ya zamani na unaona taa zake za mbele zimechoka, shika mita ya kupimia volti kabla hujashika pochi. Taa nilizonunua nimezipenda na nitazieleza zote hapa, lakini sehemu kubwa ya mwanga ninaoufaidi sasa haikutoka dukani. Ilikuwa humo humo ndani ya gari, imekwama kwenye waya za zamani na kwenye eathi (waya wa kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi) iliyoliwa na chumvi ya pwani.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux LN106, injini ya dizeli ya 3L, toleo la miaka ya 1990. Taa zake ni mbili za mstatili, milimita 200 kwa 142, za ile aina ambayo kioo, rifleka (bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele) na nyuzi za ndani ni kitu kimoja: ikiungua unaing'oa yote unatupa. Kazi yake kubwa ni samaki. Inapakia barafu na samaki Mtwara mjini usiku, inapanda nao Tandahimba na Newala ili soko likichangamka mzigo uwe umefika. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, inabeba pia magunia ya wakulima kupeleka ghala la chama cha msingi. Asilimia kubwa ya maisha yake iko gizani.

Anayeendesha mchana tu hawezi kuelewa kwa nini nimeandika maneno mengi kuhusu taa. Barabara ya Mtwara kwenda Mnazi Mmoja mpaka Masasi siku hizi ina malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, ina malori ya saruji, na yote hayalali. Lori likiharibika, wenyewe wanakata matawi wanayatandaza nyuma yake, na jani bichi usiku halirudishi mwanga wa maana. Baiskeli nyingi hazina taa wala kiakisi mwanga. Mbuzi wanalala juu ya lami kwa sababu bado ina joto la mchana. Na katika yote hayo fulu, ule mwanga wa mbali, huiwashi kwa raha, maana gari la mbele haliishi. Ukimpiga fulu naye atakupiga, mnapishana wote hamuoni. Usiku huku Mtwara Kuchele tunaishi kwa dimu, ule mwanga wa chini. Ndiyo maana muuzaji akinisifia taa kwa jinsi fulu yake inavyofika mbali, mimi bado sijasikia kitu. Nataka kujua dimu yake inamwaga mwanga wapi, na wapi inaukata.

Nilipoanza kuulizia, kila duka la spea jibu lilikuwa moja: weka globu za LED. Zinachomekwa kwenye taa ya H4, yaani ile ambayo globu moja yenye dimu na fulu inatoka na kubadilishwa, zina feni ndogo nyuma, zinatoa mwanga mweupe wa kuvutia, na kwenye boksi zimeandikwa lumeni nyingi ajabu. Shemeji yangu anazo kwenye Hilux yake, taa za H4 za kioo. Tukaliegesha gari lake jioni mbele ya ukuta wa ghala, eneo tambarare, mita 10, tukalitazama vizuri. Ukuta uling'aa kweli. Lakini ule mstari ambao dimu inatakiwa kuukata, chini mwanga, juu giza, haukuwepo. Mwanga ulikuwa umepanda mpaka kwenye paa la ghala, na karibu na tairi za mbele kulikuwa na doa jeupe kali la kuumiza macho.

Sababu yake inaonekana ukishika globu yenyewe mkononi. Globu ya H4 ya kawaida ina nyuzi mbili ndani. Uzi wa dimu umekaa mbele kidogo, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifleka. Kile kikombe ndicho kinachochora mstari ukutani. Rifleka na michirizi ya kioo vimepimwa kwa uzi mwembamba uliokaa pale hasa. Globu nyingi za LED zinatoa mwanga kupitia vibamba bapa vya pande mbili, vinene kuliko uzi, na vikikaa nyuma au mbele kidogo tu, kioo hakijui kiupeleke wapi. Dereva mwenyewe anajiona ana mwanga kwa sababu mbele ya bampa pamewaka, kumbe lile doa la karibu linambana mboni, na kule mbele alipolala mbuzi haoni vizuri. Anayekuja mbele ndiye anayeteseka zaidi.

Taa kamili za LED, yaani kioo na kila kitu chake kimetengenezwa kwa ajili ya LED, ni habari nyingine. Zipo nzuri zenye mstari safi. Zile nzuri bei yake ni kubwa, na za bei rahisi nilizozishika zilikuwa za plastiki nyepesi ambayo sioni ikivumilia mchanga wa huku.

Kabla ya kununua chochote nilikwenda kwa fundi umeme, mzee mmoja aliyezoea Hilux na Land Cruiser za miradi. Hakutazama taa kabisa. Aliwasha injini, akawasha dimu, akaweka mita kwenye betri: volti 13.9. Akachomoa mpira wa nyuma ya taa ya kushoto, akagusa pini za soketi taa ikiwa inawaka: volti 11.4. Akanigeuzia mita niisome mwenyewe.

"Mwanangu, hizi mbili na nusu zimekwenda wapi?"

Zilikuwa zinapotea njiani. Kwenye Hilux hizi umeme wa taa unazunguka mpaka kwenye swichi ya usukani na kurudi, kwenye waya nyembamba za miaka 30. Na globu ya uzi haipungui mwanga taratibu kama volti zinavyopungua. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Ukiwa na 11.4 kwenye soketi umeshapoteza karibu nusu ya mwanga uliostahili kuupata, na hakuna globu ya dukani itakayokurudishia hapo.

Mzee akafungua boliti ya eathi iliyo kwenye bodi karibu na betri. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kijani na mweupe, na ule waya ulipokunjwa kidogo nyuzi zake zilikatika. Gari linabeba samaki, maji ya barafu yenye chumvi yanaruka kila mahali, na upepo wa bahari unafanya kazi hiyo hiyo likiwa limeegeshwa. Akakwangua bodi mpaka chuma kikang'aa, akabana kichwa kipya, akapaka grisi. Kwa hilo tu volti ziliongezeka na macho yaliona tofauti, bila kununua taa.

Sasa niliponunua nilijua ninachotafuta. Nilichukua taa za kioo za mstatili, saizi ile ile, zinazopokea globu ya H4, kwa hiyo globu ikiungua unabadilisha globu peke yake. Ziliagizwa Kariakoo zikaja kwa basi. Jambo ambalo ningemwomba kila mtu alichunguze ni alama za kwenye kioo. Taa iliyopasishwa kwa viwango vya Ulaya ina herufi E na namba ndani ya duara, na herufi HCR zikimaanisha ni ya halojeni, ina dimu na fulu. Halafu tafuta mshale. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo dimu inatakiwa ipande kidogo upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara wanakopita watu na baiskeli. Taa ya namna hiyo ina mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya gari unaitazama. Isipokuwa na mshale wowote na ina hiyo E, ni ya nchi wanaoendesha kulia, na kwetu itapandisha mwanga usoni kwa anayekuja. Dukani zimechanganyika, na muuzaji atakuambia zote ni za Hilux. Ni kweli zote zinaingia, boliti zinakubali, na bado moja ni sumu barabarani.

Globu niliweka za kawaida za wati 60/55 (60 fulu, 55 dimu), za jina linaloeleweka. Kuna za 100/90 zinauzwa waziwazi na watu wanazipenda. Joto lake ni kubwa, zinayeyusha soketi na kuchoma rifleka, na swichi ya usukani haikutengenezwa kuubeba umeme huo. Wakati wa kufunga usishike kioo cha globu kwa vidole, mafuta ya mkono yanafanya sehemu moja ipate moto kuliko nyingine na globu inakufa mapema. Shika kwa chuma cha chini au kwa kitambaa safi.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mzee aliweka mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, akavuta waya mnene wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu kabisa na betri, na waya mnene mwingine wa eathi kutoka kila taa. Waya za zamani sasa hazibebi mzigo, zinaziamsha rilei tu. Swichi ya usukani imepumzika, na hiyo nayo ni faida, kwa sababu kupata swichi nzuri ya gari hili si rahisi.

Hapa kuna jambo la Toyota ambalo fundi asiyelijua atakuharibia siku. Kwenye magari mengi taa inapewa moto (umeme wa chanya) na swichi, na eathi ipo muda wote. Kwenye Hilux hizi ni kinyume: ukishawasha taa, moto unafika kwenye soketi kwa waya mmoja wa pamoja, na kuchagua dimu au fulu kunafanyika upande wa eathi. Seti za waya na rilei zinazouzwa tayari mara nyingi zimetengenezwa kwa mpango ule mwingine, ukichomeka unakuta hakuna kinachowaka. Dawa ni kulisha koili ya rilei, pini 85 na 86, kwa waya wa pamoja upande mmoja na waya wa dimu au wa fulu upande wa pili. Mambo hayo hayo ndiyo yanayofanya taa ya bluu ya dashibodi, ile ya kuonyesha fulu, kuchanganyikiwa kwa watu waliochomeka LED kwenye Hilux. Baada ya kazi tulipima tena kwenye soketi: 13.5.

Rilei zimefungwa juu, pembeni ya betri, pini zikitazama chini ili maji yasituame, na kila soketi imepakwa grisi. Kwa mtu wa Masasi au Nachingwea pengine si lazima. Kwa aliye Mikindani au Lindi mjini, ambako bahari iko mlangoni, ningesema ni lazima.

Kuelekeza taa tulifanya gari likiwa na mzigo, na hili nalitilia mkazo kwa wenye pikapu wenzangu. Gunia la korosho ni kilo 80 hivi. Ukipanga magunia nyuma, springi zinakaa, pua inapanda, na dimu uliyoipima gari likiwa tupu inakwenda kwenye macho ya watu. Tulipakia mzigo wa kawaida, tukarudi kwenye ule ukuta mita 10, tukashusha mstari wa mwanga sentimita 10 hadi 15 chini ya urefu wa katikati ya taa. Gari likiwa tupu mwanga unakuwa mfupi kidogo, na mimi nakubali hivyo, kwa sababu likiwa tupu linasimama haraka.

Barabarani tofauti ni kubwa. Ukingo wa kushoto sasa unaonekana mapema, mtu wa baiskeli namwona na miguu yake inavyozunguka, na matawi yaliyotandazwa nyuma ya lori nayaona nikiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo bila kukanyaga breki kwa hofu. Madereva wanaokuja hawanipigi fulu kulalamika. Alfajiri ya ukungu kule Newala, mwanga huu wenye unjano kidogo nauona unatulia kuliko ule mweupe wa shemeji, ambao unamrudia kama ukuta. Kwenye mvua kubwa ni hivyo hivyo.

Gharama yote, taa, globu, rilei, waya na ufundi, haikufika laki mbili. Kwa anayetaka gari lionekane jipya, taa hizi hazitampa hilo. Mbele bado ni Hilux ile ile. Ukizoea weupe wa LED utaona kama zimefifia ukiwa umesimama, na inabidi uendeshe usiku ndipo uone zinachofanya.

Nazipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya skrubu za kuelekezea: kichwa chake kinakaa kwenye kibanio cha plastiki, na kwenye vipande vya vumbi vyenye matuta taa ya kulia ilianza kutikisika, ule mstari unacheza mbele yako. Mzee amebadilisha kibanio kile, ametoa cha chuma kwenye fremu ya taa ya zamani akakihamishia hapa. Kwa hiyo ukibadilisha, fremu za zamani usimwachie fundi azitupe.